Kidonda Changu na Darasa la Kutembelea Wagonjwa

Ninyi vijana mtakaopewa daftari hili, kaeni kwanza. Msilisome mmesimama mlangoni kama watu wanaotaka kuondoka. Mimi shule yangu ni darasa la ubatizo tu, na herufi nilizijua nikiwa tayari nina watoto watatu, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, liwekeni sawa wenyewe muendelee. Mchungaji Zefania ndiye aliyesema niandike, kwa sababu mwaka huu ni zamu yenu kuingia darasa la kutembelea wagonjwa. Anasema mimi nalijua darasa hilo kuliko yeye. Ni kweli. Yeye alilifundisha amesimama, mimi nililipokea nimelala.

Na wewe mwenye kidonda, ukisomewa haya, sikiliza na wewe. Mguu wangu ulishapangiwa mahali pa kukatwa, na leo naandika nikiwa nimeinyoosha miguu yote miwili juani. Namshukuru Mungu kwa hilo. Watu aliowatumia nitawataja, wengine watacheka, mmoja ataona haya, lakini alishanipa ruhusa.

Kilianza mwisho wa kiangazi. Nilikuwa nakata miiba ya kuzibia zizi, mwiba mmoja ukaniingia kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Nikauchomoa, nikapaka majivu, nikaendelea na kazi. Nani hulala kwa ajili ya mwiba? Baada ya wiki mbili pakaota lengelenge, likapasuka, likaacha shimo la ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Mvua za kwanza ziliponyesha, ngumi ya mtoto ingeingia humo. Mume wangu Msengi alileta mtu wa dawa za miti, akabandika majani yaliyopondwa. Kidonda kikanyamaza siku nne. Siku ya tano kikaanza kunuka.

Harufu hiyo sitaieleza sana, maana mtu mwenye kidonda anaijua na asiye nacho hataijua kwa kusoma. Nitasema tu kwamba nzi walikuja kabla ya watu. Msengi akachukua ngozi yake ya kulalia akahamia chumba cha ndama. Alisema ndama wanakohoa, wanahitaji mtu. Ndama hawakuwa wanakohoa. Mtu anayeoza hujifunza kutowauliza watu kwa nini wanahama.

Nikabaki na Ruti, mke wa mwanangu Samweli. Samweli alikuwa kibarua wa reli huko Itigi, na Ruti alikuwa na mtoto mgongoni anayenyonya. Yeye ndiye aliyekuwa anachemsha vitambaa vyangu, anavianika juu ya paa la tembe, ananikanda kwa maji ya chumvi, kisha anakwenda shambani, kisha anarudi kusaga. Mimi nilikuwa nalala ndani nikimpigia kelele kwamba uji una mabonge. Naandika hili ili mjue kwamba mgonjwa si mtakatifu. Maumivu hayamfanyi mtu awe mwema. Mimi yalinifanya niwe mkali kuliko nilivyozaliwa, na nilizaliwa mkali.

Dispensari ya serikali iko mwendo wa saa mbili kutoka kwetu, ng'ambo ya mto. Safari ya kwanza nilikwenda kwa fimbo. Kulikuwa na benchi moja la kungojea. Watu sita walijibana upande mmoja, wakaniachia upande mzima mimi peke yangu, nikakaa kama jumbe. Kisha akaja mwanamke mwenye mtoto wa homa. Aliangalia benchi, akaniangalia, akaja kukaa ubavuni mwangu, akalala usingizi na kichwa chake kikaegemea bega langu. Labda alikuwa amechoka tu. Sikumjua na sijamwona tena, lakini nilimwombea mwaka mzima.

Dresa, mfunga vidonda wa pale, alikuwa kijana mpole wa mikono. Alinawisha kidonda kwa maji ya zambarau, akanyunyiza unga wa njano, akafunga.

"Mama," akasema, "hiki hakitaki majani tena. Kinataka maji haya na kitambaa safi, kila baada ya siku moja, bila kukosa, mpaka masika iishe."

"Na nikikosa?"

"Ukikosa kitafika mfupani. Kikifika mfupani nitakuandikia barua uende hospitali ya misheni, na huko watakata."

"Watakata wapi?"

Akanigusa juu ya goti. "Hapa."

Tangu siku hiyo niliacha kuhesabu siku, nikahesabu bandeji. Bandeji ya kwanza na ya pili nilikwenda kwa fimbo. Ya tatu nilipanda punda wa shemeji yangu, na kila alipokanyaga jiwe mimi niliona nyota mchana. Kufikia bandeji ya tano sikuweza hata kuning'iniza mguu. Msengi akafunga kitanda cha kamba kwenye miti miwili, ikawa machela, na ndugu zake watatu wakaja kushika naye. Walinibeba mara tatu. Halafu palizi ikaanza.

Anayejua uwele anajua. Majani hayamngojei mtu, na mwaka ule maghala yalikuwa yamekaribia sakafu. Shemeji wa kwanza akasema mgongo. Wa pili akasema mke wake peke yake shambani. Wa tatu hakusema kitu, hakuja tu. Siwalaumu, nao walikuwa na watoto. Nikakosa siku moja, nikakosa ya pili. Nilikuwa nauangalia mguu wangu kama mtu anayeangalia mbuzi aliyekwisha kuahidiwa mtu mwingine.

Ndipo darasa likaja.

Mchungaji Zefania alikuwa ameona kwamba mtaa wetu ni mpana na yeye ni mmoja. Akachagua watu kumi na wanne, wanaume na wanawake, akawafundisha kila Alhamisi jinsi ya kumtembelea mgonjwa na kumtia moyo. Lilikuwa jambo jema, nalisema wazi. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo aliwapa maswali manne wayashike kichwani. Unaumwa nini? Tangu lini? Moyo wako una amani? Kuna jambo lolote hujaliungama? Baada ya hapo ubeti wa wimbo, sala, basi. Akawagawa wawili wawili, akawaambia, "Juma hili kila jozi imtembelee mgonjwa mmoja, Alhamisi mniletee habari."

Sasa wagonjwa wenyewe walikuwa wapi? Homa za masika humlaza mtu siku tatu. Jozi ilipofika mlangoni, mgonjwa alishakwenda shambani. Kulikuwa na bibi mmoja kipofu kule chini, lakini yeye aliwafukuza kwa fimbo. Nikabaki mimi, sina pa kwenda na sina nguvu ya fimbo. Jozi moja baada ya nyingine zikaja kwangu.

Jumatatu jozi ya kwanza. Walisimama mlangoni, upande upepo unakotoka, wakauliza maswali manne. Niliwajibu kweli tupu. Nilifurahi kuona watu. Hata niliungama jambo moja la ukweli, nikalia kidogo. Jumanne asubuhi jozi ya pili, maswali yale yale, wimbo ule ule. Jumanne jioni ya tatu. Jumatano ya nne. Nawaambia, mtu hana dhambi nyingi kiasi hicho akiwa amelala miezi miwili. Walinimalizia.

Na kwetu mgeni hatoki bila kula. Mnaijua desturi, hata mtoto anaijua. Kila jozi iliwekewa ugali na mlenda, na maziwa ya mgando kama yapo. Ruti akirudi shambani anakuta wawili wameketi, anashika jiwe, anasaga. Jumatano alikuja kusimama mbele yangu na unga mpaka kwenye nyusi.

"Mama, uwele uliobaki ni wa siku nane."

"Wageni ni wageni."

"Hawa wanakuja kukuona au kula?"

"Katika nyumba hii hakuna mgeni aliyewahi kuondoka na njaa, tangu enzi za mama mkwe wangu."

"Basi nyumba hii itafute msagaji mwingine," akasema, bila kupaza sauti. "Mimi nitakwenda kwa baba yangu, kijiji cha Ulemo. Kule nitasaga cha watoto."

Akaingia chumbani, nikamsikia anafunga mzigo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ruti akiondoka hakuna wa kuchemsha vitambaa. Bila vitambaa hata bandeji ya dresa haina kazi. Nikaona mguu wangu ukienda na mzigo ule kuelekea Ulemo. Lakini sikujua kuomba. Yeye akaweka mzigo wake karibu na mlango, akasubiri mvua ikatike.

Mvua haikukatika, na Alhamisi asubuhi ikaingia jozi ya tano. Mzee Gunda, mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili, na Marta, mjane mtulivu. Mzee Gunda alibaki kizingitini amebana pua kwa ncha ya shuka.

"Mama Samweli, kuna jambo lolote hujaliungama?"

"Nimeshaungama, mzee. Jumatatu, na juzi mara mbili, na jana."

"Hayo ni ya jozi nyingine. Sisi tuna swali letu."

"Ni lile lile."

"Leo ni Alhamisi. Tutamwambia nini mchungaji, kwamba tulikuja, tukala, tukaondoka?"

Marta akamvuta shuka. "Mzee, mama amechoka."

"Kuchoka si jibu," akasema. "Mama Samweli, usione haya. Moyo uliofungwa ndio unaozuia mguu."

Nyuma ya ukuta jiwe la Ruti lilikuwa linasaga unga wao. Nikaona mtu huyu hataondoka mpaka apewe kitu.

"Haya," nikasema. "Niliiba kuku."

Akaingia hatua nzima ndani, ya kwanza tangu afike. "Kuku wa nani?"

"Wa jirani. Mwekundu. Zamani kidogo."

"Ukamfanya nini?"

"Kuku hufanywa nini, mzee? Nilimla."

Alifurahi mpaka akasahau pua. Wakaimba, wakasali, wakala, wakaenda. Nami nikalala nikijiona mjanja.

Siku ya tatu akaja jirani yetu Mama Lea. Hakubisha hodi mara mbili.

"Mwenzangu," akasema, "kuku wangu mwekundu aliyepotea wakati wa mavuno. Nimemlaani mwewe mwaka mzima. Kumbe mwewe ni wewe."

Nikashtuka. "Nani kakwambia?"

"Kisima kizima kinajua. Mzee Gunda kasema umeungama, tukushangilie."

"Mama Lea, sikumla kuku wako. Nilidanganya."

"Ulidanganya kwenye maungamo?"

"Alinichosha. Dhambi zangu zilikuwa zimekwisha."

Alifungua mdomo apige kelele, akaufunga. Nadhani harufu ilikuwa imemfikia. Lakini yeye hakurudi nyuma. Alikuja akainama, akafunua shuka, akautazama mguu wangu muda mrefu.

"Ulikwenda lini kwa dresa?"

"Leo siku ya tisa."

"Tisa. Na hao wote waliokuja?"

"Walikuja kuuliza."

"Na mzigo huu wa mlangoni ni wa nani?"

Nikaonyesha chumba cha Ruti kwa kidevu. Mama Lea akatoka nje kwenye matope, na sikumsikia akielekea kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Kuku wake hajampata mpaka leo, na hajanidai.

Mchungaji Zefania alifika mchana ule peke yake. Alisimama juu yangu uso umekaza.

"Mama Samweli, umesema uongo."

"Nimesema."

"Katika maungamo."

"Ndiyo. Nipe adhabu yangu. Lakini mwulize Mzee Gunda, kuku aliyeliwa alipataje miguu ya kufika kisimani?"

Akavuta kigoda, akakaa kando ya mguu wenyewe, si kando ya kichwa.

"Waliketi wapi?"

Nikaonyesha kizingiti kwa kidole.

"Wote?"

"Marta alitaka kuingia."

"Walikuuliza nini?"

Nikamtajia maswali yake manne kwa mpangilio, bila kukosea, kama mtoto wa darasa.

"Hakuna aliyeuliza unafikaje kwa dresa?"

"Hilo halimo, mchungaji."

"Maswali niliyatunga mimi," akasema.

"Najua."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani atasali, nami nilikuwa tayari kuvumilia. Badala yake akauliza, "Ungekuwa wewe mwalimu, ungeanza na nini?"

"Ningeanza na kuhesabu mabega," nikasema. "Wako kumi na wanne. Machela inataka manne."

Alhamisi iliyofuata darasa halikukutana kanisani. Lilikutana chumbani kwangu, na mchungaji alikuwa ametangaza kwamba hakuna atakayekula kwetu hata tonge. Wengine waliona ni aibu kwa nyumba, na mimi pia niliona aibu, siwafichi. Kuvunja desturi kwa ajili yangu kuliniuma kuliko unga wa njano. Lakini nilimwona Ruti ameegemea ukuta, mikono yake haina kazi kwa mara ya kwanza mchana, nikakubali.

Mchungaji akawaingiza wote, akawaketisha chini wamekizunguka kitanda. Akamwambia Ruti afungue kitambaa. Akasema, "Leo hatuulizi. Leo tutakaa hapa mpaka kidonda kinawishwe na kufungwa. Asiyeweza atoke, hatasemwa, lakini arudi."

Ruti akafungua. Macho ya watu yakatoa machozi yenyewe. Marta aliomba bakuli la maji, akaanza kunawisha pamoja na Ruti. Mzee Gunda alisimama akatoka. Tulimsikia sote kule zizini anavyotapika, na kwa sauti yake ile hata mtaa wa pili walisikia. Akanyamaza. Tukangoja. Kisha akainama mlangoni akiwa anajifuta ndevu.

"Nimerudi," akasema.

"Tulikusikia ukienda. Kaa," nikamwambia.

Akakaa karibu na mguu, kwa sababu nafasi nyingine zilikuwa zimejaa. Mchungaji akamtazama tu. Mzee Gunda akasema, "Mama Samweli, ulichoniambia nilikitangaza. Nilidhani naleta furaha."

"Na mimi nilikudanganya."

"Basi tumelingana."

"Hatujalingana, mzee. Wewe una miguu miwili. Utashika mti wa mbele, kushoto."

Watu wakacheka, na yeye akacheka mwishoni. Lakini kesho yake kabla jua halijapanda alikuwa amekuja, amevua viatu vya kanisani, amevaa nguo ya shamba. Ameshika mti wa mbele kushoto.

Hivyo ndivyo nilivyobebwa masika nzima. Wanne wanabeba, wawili wanapokea, wengine wanapalilia shamba la hao waliobeba ili lisipotee. Na wanawake wa darasa walikuja na unga wao wenyewe wamekwisha saga nyumbani, wakapalilia mistari ya Ruti. Siku ya pili ya palizi hiyo nilitazama mlangoni, mzigo haukuwapo. Ruti alikuwa ameurudisha chumbani. Sikuuliza, lakini jioni alipoleta uji nilisema, "Uji ni mzuri." Alisimama na bakuli mkononi kama mtu aliyesikia ng'ombe anazungumza. Nikaongeza, "Na vitambaa. Na yote." Hivyo ndivyo nilivyomshukuru. Nilipaswa kusema zaidi, na sasa nasema hapa mbele yenu wote: bila Ruti nisingekuwa na mguu wala daftari.

Bandeji ya kumi na nane mto ulikuwa umejaa. Waliingia maji ya kifua, machela juu ya vichwa, mimi naona mawingu tu na kusikia maji. Mzee Gunda akaanza kusali kwa sauti kubwa.

"Mzee, nyamaza uangalie unapokanyaga," nikamwambia kutoka juu. "Mungu alishasikia tangu ng'ambo."

Alinyamaza. Tukafika. Dresa alipotuona tumelowa hivyo, yeye mwenyewe alitoka kushika mti mmoja mpaka ndani. Na kwenye benchi la kungojea siku hiyo nilizungukwa pande zote, maana wabebaji wangu walikuwa wanatetemeka wakataka kukaa karibu karibu.

Kati ya bandeji ya ishirini na ya thelathini mwili wangu ulianza kunirudia. Kwanza usingizi. Kisha njaa, ile ya kweli. Kisha nilisikia kuwashwa pembeni mwa kidonda, nikalalamika, na dresa akacheka akasema kuwashwa ni nyama inazaliwa. Asubuhi moja Msengi alipita na ngozi yake ya kulalia mkononi, akaitandika mahali pake pa zamani.

"Ndama wamepona," akasema.

"Mungu ni mwema," nikasema. Tuliishia hapo. Mume na mke waliokaa miaka mingi hawahitaji kufukua kila shimo.

Masika ilipoisha dresa alibonyeza kingo zote za kidonda. Kilikuwa chekundu, safi, hakina harufu.

"Nakuandikia barua," akasema. Moyo ukanishuka. "Si ya kukata. Ya kubandika ngozi. Shimo ni kubwa, halitajifunga lenyewe."

Wakati wa kupura uwele nilipanda lori la mizigo, nikaenda hospitali ya misheni, Marta akanisindikiza. Tulingoja barazani siku mbili pamoja na wengi waliotoka mbali, wengine kutoka Shelui, wengine kutoka kusikojulikana. Walichukua ngozi ya paja langu wakaibandika kwenye muundi. Wewe utakayefanyiwa hivyo, jua mapema: paja litauma kuliko kidonda, na hakuna atakayekwambia. Marta alikaa nami wiki tatu. Alikuwa ananisukia nywele. Hakuniuliza lolote, na katika wiki hizo tatu nilimwambia mambo ambayo sijapata kumwambia mtu yeyote, na hakuna hata moja lililofika kisimani.

Sasa mguu huu ni hivi. Ngozi yake inang'aa kama ndani ya kibuyu, haina nywele, na ukiigusa sisikii. Kifundo hakikunjiki vizuri, nikishuka mlima natangulia na mguu wa kulia. Mvua ikikaribia unajua kabla yangu. Nauosha kila siku kama mtoto. Siuonei haya. Wajukuu wanaushika, na mimi nawaacha.

Mchungaji bado anafundisha kila mwaka, na swali la kuungama bado lipo, maana wapo wenye haja nalo. Lakini ameliweka mwisho, na ameongeza mengine kabla yake: nani anakutekea maji, nani analima, unafikaje kwa dawa. Na kila mwaka ananiita nikae mbele. Nawaambia watu wapya waingie ndani na wakae. Ukitaka kutapika, nenda katapike. Aliyetapika akarudi ni bora kuliko aliyesimama mlangoni na tumbo salama. Mzee Gunda akiwapo hunyanyua mkono ili wamjue.

Nilitaka kuishia hapo, lakini juma lililopita kumetokea jambo. Mwajuma, mke wa fundi cherehani aliyehamia hapa karibuni, amejifungua, na ziwa lake moja limevimba likapasuka usaha. Mumewe amesafiri, na majani shambani kwake yamefika magotini. Habari ililetwa wakati tunakula.

"Hao si wa usharika wetu," Msengi akasema. "Wana watu wao."

"Watu wao wako wapi?" nikauliza.

Samweli, ambaye sasa amerudi kutoka reli, akasema, "Mama, palizi yetu yenyewe hatujafika nusu. Na darasa la mwaka huu halijaanza hata kuanza. Tungoje mchungaji apange."

Ruti alikuwa ameshaacha kula.

Nikanawa mkono, nikawaambia hivi: "Kesho majembe ya nyumba hii yanaanzia shambani kwa Mwajuma, ya kwetu baadaye. Baba Samweli, wewe na mwanao mtafunga machela asubuhi, mtafute mabega mengine mawili, mmpeleke kwa dresa. Ruti atateka maji ya kule kabla ya ya hapa, na mtu asikubali kula kwake hata akilazimishwa. Mimi nitakaa na mtoto. Na yeyote atakayerudi na habari ya mambo aliyoyasikia ndani ya nyumba ile, asiingie ndani ya hii."